Wanzuki wa Ushirombo kwa Miezi ya Baridi

Watu wa pwani hawaamini kwamba Shinyanga kuna baridi. Waje Juni alfajiri, wasimame barabarani Tinde wakisubiri gari na shati la mikono mifupi, halafu tuzungumze. Upepo wa kipupwe unakuja na vumbi, midomo inapasuka, na wanaume wazima wanaanza kuniuliza swali lilelile: mama, baridi hii tunywe nini? Wananiuliza mimi kwa sababu nimepika na kuuza pombe zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kwa sababu sijui kumsifia mtu pombe mbaya.

Basi nitasema. Mvinyo wa Dodoma si mbaya huko ulikotoka, lakini miaka ile ya dhahabu ulifika Geita umeshachemshwa na jua juu ya lori. Walanguzi wa dhahabu waliunywa baa wakiuchanganya na soda, nyuso zimekunjamana, bilauri wameishika hivi ili pete zionekane. Lubisi, pombe ya ndizi inayotoka upande wa Wazinza, ni tamu siku ya kwanza na siku ya pili ni siki. Inawafaa wasio na subira na wasio na meno. Pombe ya mtama ni chakula tu, inajaza tumbo na miguu inabaki ya baridi. Na anayekimbilia gongo kwa kisingizio cha kipupwe sina ushauri naye. Nitamshauri mkewe aanze kutafuta sanda.

Kinachofaa kipupwe ni wanzuki, pombe ya asali, na wanzuki ni wa Ushirombo. Asali ya kule ni ya porini, nyeusi, ina harufu ya moshi. Unaichanganya na maji ya vuguvugu, unatia machicha ya pombe iliyopita yawe chachu, unakifunika chungu kwa blanketi karibu na moto. Wakati wa baridi inachelewa kuiva. Wauzaji wenye haraka wanaitoa mapema, ikaja kumalizia kuiva tumboni mwako, na usingizi huupati. Ukiipa muda wake inateremka polepole na joto linafika mpaka kwenye nyayo. Mama yangu, hukohuko Ushirombo, aliipika hivyo, hakukosea hata mara moja, na hakuwahi kuionja.

Baba alikufa kwa pombe mwezi wa Julai nikiwa msichana mdogo. Alilala njiani akitoka kilabuni, baridi ikammaliza, tukamkuta amekunja magoti kama mtoto. Baada ya mazishi mama alikwenda misheni, akaweka nadhiri mbele ya padri kwamba tone la pombe halitapita tena kooni mwake. Padri akampa medali ya Bikira Maria, akaivaa shingoni. Kupika hakuacha, kwani angetulisha nini? Aliipima pombe kwa pua, kisha akaweka sikio kwenye chungu na kusikiliza povu. Wateja walimcheka, halafu wakamletea vibuyu awajazie.

Miaka ya sitini niliolewa Tinde, kwa Wasukuma, kipupwe, baada ya mavuno. Mama alikuja na vibuyu vya wanzuki, kwa kuwa ukweni walimpima bibi harusi kwa pombe ya mama yake. Desturi ya pale ilikuwa wazi. Vibuyu vinalala nyumbani kwa mama mkwe, asubuhi vinafunguliwa mbele ya watu wote, na aliyepika anaonja kwanza ili ijulikane hamna sumu. Mama mkwe wangu naye alikuwa mpishi wa pombe, tena mwenye jina kubwa Tinde nzima. Asubuhi ile kibuyu kimoja kilikuwa kimepungua. Mama alidhani kimevuja njiani.

"Haya, mayu, mama wa watu, onja tukuone," mama mkwe alimwambia, akimnyooshea kata.

"Samahani, mwenzangu. Mimi sinywi, nina nadhiri."

"Nadhiri ya nini?"

"Niliiweka kwa Mungu, mbele ya padri." Na mama, kwa kuamini kwamba kiapo cha kweli kinaheshimiwa popote, akaichomoa ile medali kifuani na kuinyanyua watu waione.

"Mmeona wenyewe!" Sauti ya mama mkwe ilifika mpaka zizini. "Kaleta pombe asiyotaka kuinywa, na dawa kaivaa shingoni!"

Wazee wakasogeza viti nyuma. Wengi wao hawakuwa wamebatizwa, na kwao kitu chochote kinachoning'inia shingoni ni hirizi. Hao nawasamehe. Lakini yeye alijua. Binti yake mwenyewe alikuwa amebatizwa, ameketi pembeni yake, na shingoni ana medali kama ile. Nilimwona binti akiifunika kwa kiganja.

Mimi nilikuwa nimefunikwa khanga kichwani, bibi harusi hasemi. Nilimwomba mama moyoni anywe funda moja tu, Mungu angemwelewa. Hakunywa. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake vipya. Mama mkwe akavishika vibuyu kimoja baada ya kingine na kuvimwaga chini uwanjani, mpaka cha mwisho. Jua lilipopanda nyuki walikuja wakalifunika tope lile. Mama alisubiri amalize, akaomba maji, akaviosha vibuyu vyake, akavifunga kwa kamba, akaondoka bila kula. Hakukanyaga tena nyumbani kwangu.

Habari zilidandia malori zikafika Ushirombo kabla yake. Nani anunue pombe kwa mwanamke ambaye haonji anachopika? Yale yaliyokuwa yakiwachekesha sasa yaliwatisha. Kilabu chake kikafa, akauza kuni, na miaka michache baadaye akafa na yeye, anaitwa mama wa sumu na watu aliowalisha. Nilimchukia mama mkwe kwa moyo wangu wote, na sikuwa na haraka.

Yeye wala hakuchoka. Kila nilichopika aliniambia neno moja: onja. Ugali, onja. Uji wa mgonjwa, onja. Hata maji ya kunywa niliyoyabeba kichwani kutoka kisimani, onja. Watoto wangu walikua wakidhani ni salamu.

Miaka ya themanini mume wangu alifuata dhahabu Nyarugusu, kule Geita, nami nikafuata. Yeye alishuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, mimi nikafungua kilabu. Nilipika wanzuki kwa asali ya Ushirombo na kwa mkono wa mama, ila mimi ninaonja, tena sana. Kipupwe wachimbaji walikuwa wanapanga foleni wakitetemeka. Kisha mama mkwe akaugua, na mwanawe akaenda Tinde akamleta.

Alikuwa amekauka, amekuwa mfupa na macho. Baridi ilimtesa kuliko ugonjwa. Kutoka kitandani alikuwa anawasikia wachimbaji wakiusifia wanzuki, na harufu ilikuwa inamfikia. Asubuhi moja aliomba apewe. Nikampashia kikombe kidogo, nikakiweka kwenye kigoda mbele yake, nikakunja mikono.

"Onja," akasema.

"Samahani, mama. Nina nadhiri."

Sikuwa na nadhiri yoyote, na yeye alikuwa ananisikia kila siku nikionja chungu baada ya chungu. Alinitazama. Alikitazama kikombe. Nilitaka aogope. Nilitaka alale na kiu yake na hofu yake, ajue mama alivyosimama uwanjani pale. Mume wangu alikuwa mlangoni anavaa koti la kwendea duarani, na kama kawaida yake aliangalia viatu.

Mama mkwe hakuogopa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa mpaka chini. Akafumba macho, rangi ikamrudia usoni.

"Ni ileile," akasema. "Ya mama yako. Ni ileile kabisa."

Hakuna tone la pombe ya mama lililonyweka Tinde mbele ya macho ya watu. Lote lilikwenda kwa nyuki. Nikamuuliza, taratibu, ile ipi, mama, na wewe uliionja lini? Akafumbua macho, akaona kwamba mwanawe naye amesikia. Kile kibuyu kilichopungua hakikuvuja njiani. Aliinywa usiku ule nyumbani kwake, akaona haina sumu, akaona inaishinda yake, na asubuhi akaimwaga.

Mume wangu alitoka, mlango akauacha wazi, upepo ukaingia. Mama mkwe akaanza kutetemeka tena. Akaninyooshea kikombe.

"Niongezee, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nilikipokea kikombe, nikachota maji, nikakiosha, nikakifunika. Kilichobaki chunguni niliwauzia wachimbaji. Aliishi mpaka Agosti, kipupwe chote, na kila asubuhi nilimpelekea uji na kuuonja mbele yake.