Mdomo wa Mganga

Kazi ya kumkalimania mganga sikuiomba. Ilinikuta uani nikimenya viazi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Asubuhi nilifundisha Kiswahili katika ofisi moja ya Kimihurura, kwa watu wazima waliotaka kukitumia mikutanoni. Mchana nilikuwa nyumbani. Wazazi wangu ni Wanyarwanda lakini mimi nilikulia Kigoma, na fundi alilijua hilo. Kwa hiyo baba mkwe wake alipokuja kutoka Ujiji kumwona mjukuu aliyezaliwa, na binti yake bado ameshikwa na kichanga, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzungumza naye. Alikuwa mzee mpole, mrefu, mwenye kofia nyeupe iliyochoka kwa kufuliwa. Alikataa sukari kwenye chai kwa ajili ya afya, kisha kila siku akalalamika kwamba chai ya Kigali haina ladha. Hatukuona kioja kingine kwake, mpaka ilipojulikana kwamba kwao ni mganga.

Nadhani fundi ndiye aliyesema, kwa kujigamba tu. Watu wakaanza kuja. Hapa kwetu mganga aliyetoka Tanzania anaaminiwa kuliko wa mtaani, kama vile utotoni mwangu Kigoma tulivyoamini kwamba waganga wa kweli wako ng'ambo ya ziwa, Kongo. Wakongo sijui walikuwa wakimwamini nani.

Shida ilikuwa lugha. Mzee hakujua Kinyarwanda. Hata salamu aliikosea. Wateja wengi walikuwa na Kiswahili cha kununulia nyanya tu, nacho hakitoshi kueleza habari za mume aliyebadilika.

"Mwalimu," mzee akaniita, "hebu njoo uwe mdomo wangu."

Nikawa mdomo. Maumivu ya tumbo na kukosa usingizi niliyatafsiri neno kwa neno. Lakini mtu akianza kumwombea mwenzake mabaya, nilipunguza. Bwana mmoja alitaka mwenzake wa ofisini awe bubu siku ya mkutano. Mimi nikamwambia mzee, "Anaomba ujasiri wa kusema mbele za watu." Mzee akampa mzizi wa kutafuna, na bwana akaondoka ameridhika. Uchawi sikuuamini sana, ila, kama upo, sikutaka upitie kinywani mwangu.

Ndipo akaja mama mmoja wa mtaa wa Gisimenti.

Alikuwa na mgahawa mdogo wa mishikaki ya mbuzi, ile tunayoiita brosheti, na kwa miaka mingi alikuwa na mchomaji mmoja ambaye watu walimfuata kama padri. Kisha bwana mmoja akafungua mgahawa kama huohuo mlango wa pili, na mchomaji akahamia kwake. Wateja nao wakahamia na mchomaji. Mama huyu alikaa mbele ya mzee akasema kwa Kinyarwanda kwa muda wa kutosha birika kuchemka. Alitaka wateja warudi. Alitaka mchomaji arudi. Na yule bwana jirani, mama alimtakia moto usiowaka, nyama yenye funza, mguu wa kuvimba, na mwishowe aanguke kabisa, yeye na biashara yake.

Nilikohoa kidogo. "Anaomba wenye njaa waje kwake," nikasema. "Anaomba mchomaji wake arudi. Na jirani yake anamwombea apate mahali pengine pazuri pa kufanyia biashara."

Mzee alinitazama. "Amesema maneno mengi."

"Kinyarwanda ni lugha ndefu," nikamjibu.

Akamchanganyia maji ya majani ya kunyunyiza mlangoni, akamfundisha na maneno ya kusema wakati wa kunyunyiza. Maneno yalitakiwa yasemwe kwa Kiswahili, kwa sababu, kama alivyoeleza mzee, dawa yenyewe haikuwahi kufundishwa lugha nyingine. Alianza kusema "apate mahali pema," kisha akasita, akasema hayo husemwa kwa marehemu, tusije tukamzika mtu kwa bahati mbaya. Maneno yakawa haya: wenye njaa waje kwangu kula, mchomaji wangu arudi, jirani yangu apate mahali pazuri. Mama akayarudia polepole, akaondoka ameshikilia chupa yake kwa mikono miwili. Sikuyasikiliza sana matamshi yake. Nilikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha.

Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe aliporudi, akiwa amekasirika hata salamu ilimshinda.

Kwanza, alikuwa bado hajamaliza kunyunyiza akatokea mtu wa usalama wa mtaa kumuuliza kwa upole kwa nini anamwaga maji machafu mahali watu wanapopita. Gisimenti huwezi kumwaga kitu njiani ukaachwa. Ikabidi alete ndoo, sabuni na ufagio, akaisugua dawa yake mwenyewe huku jirani akimwangalia kutoka mlangoni kwake na kumpongeza kwa usafi.

Hata hivyo, baada ya siku kadhaa, wateja walikuja. Mgahawa ulijaa mpaka viti vikaazimwa. Walikuwa wanachama wa ushirika wa wauza vitambaa, waliokuwa wamekosa ukumbi wa kuchagulia viongozi wao. Wakapiga kura mchana kutwa. Waliagiza chai, wengine maji. Mandazi walikuwa wamekuja nayo. Mwenyekiti alipopatikana wakaimba, wakamshukuru mama kwa ukarimu, wakaondoka. Tangu hapo habari ikaenea kwamba pale ni pazuri kwa uchaguzi, na kikundi cha pili kikaja, halafu kwaya.

Na jirani je? Binti yake alichumbiwa na kijana wa familia inayojiweza, na ng'ombe wa mahari walikuwa wazuri mno, mtaa mzima ukawa hauzungumzi jambo lingine.

"Muzehe," mama akasema, sasa kwa Kiswahili chake mwenyewe, "hii dawa yako iko na shida."

Mzee hakubabaika. "Yaseme yale maneno, nikusikie."

Akayasema. "Wenye njaa waje kwangu kura. Muchomaji wangu arudi. Jirani yangu apate mahari pazuri."

 Mimi nilielewa kabla ya mzee, kwa sababu hiyo L na R ndiyo inayonilipia chumba. Nikamweleza. Mzee akaweka kikombe chini, akavua kofia, akacheka mpaka mkwewe akatoka na sindano mdomoni kuja kuona kuna nini.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "dawa haina kosa. Uliita wapiga kura, wakaja. Ulimwombea jirani mahari, akapata. Katika maisha yangu sijawahi kuona dawa yangu ikisikia vizuri namna hii."

"Mimi sikuomba mahari," mama akasema. "Na hiyo ingine, ya kuhama, sikuomba. Mimi niliomba jirani aanguke. Mwarimu alisikia. Muulize."

Mzee akaacha kucheka. Akanigeukia taratibu.

Nikamweleza yote, hadi ule mguu wa kuvimba, kisha nikajitetea. Nikasema nilipunguza kwa nia njema, nisiwe daraja la ubaya. Nilidhani atanisifu kidogo.

"Dawa ya kumwangusha mtu mimi sina," akasema. "Na ningekuwa nayo nisingempa. Hilo la kumkatalia lilikuwa langu, Mwalimu. Ningemkatalia hapa, usoni, akaona aibu kidogo, tukaongea kama mtu na mzazi wake. Wewe umemfanya aondoke akidhani nimemkubalia. Siku zote hizi amekuwa akimsalimia jirani huku akingoja avimbe mguu. Hayo ni maisha gani?"

 Akaniambia nimtafsirie hayo yote, na safari hii akahesabu maneno kwa vidole ili nisipunguze. Nikatafsiri. Mama alisikiliza, akatazama viatu vyake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mguu ule ungeweza bado kuvimba. Mzee akamhakikishia kwamba hautavimba. Nikaona mabega ya mama yanashuka, na mpaka leo sijui kama ni kwa nafuu au kwa kukata tamaa.

Mzee alirudi Ujiji mtoto alipoanza kukaa. Lakini mambo ya Gisimenti hayakuishia hapo. Baada ya harusi, yule mkwe mpya wa jirani alianza kumsaidia baba mkwe wake mgahawani. Alikuwa na mawazo mengi kuhusu nyama. Alimfundisha mchomaji namna ya kugeuza mishikaki, akamletea kipima joto, akabadilisha pilipili. Mchomaji alivumilia kiasi, kisha asubuhi moja akavuka na panga lake na kipepeo chake cha kupepelea moto, akarudi kwa mama bila kusema neno, akawasha mkaa. Wateja wakavuka naye.

Nilitegemea mama angefurahi. Badala yake alikuja kunitafuta ofisini Kimihurura, akanisubiri getini na kitenge chake kizuri.

"Mwarimu, jirani anaanguka," alisema. "Jana alifunga mapema. Mukwe wake anachoma mbuzi kama anaua nyoka. Mupigie muzehe simu, aitoe hiyo dawa."

Nikampigia tukiwa palepale kando ya barabara. Mzee akasikiliza, akasema majani yale yalikwishasuguliwa kwa sabuni siku ya kwanza, hana cha kuondoa. Mimi nikatafsiri yote, hata kikohozi.

"Sasa ni nani amefanya haya?" mama akauliza.

"Anasema hajui," nikamwambia. "Anasema yeye angekuwa mahali pako angeenda kumwona jirani."

Alikwenda. Jumapili moja nilipita nikakuta milango yote miwili iko wazi. Mchomaji alikuwa upande wa jirani, amesimama nyuma ya yule mkwe, anamnyang'anya kipepeo kila baada ya muda na kumrudishia. Mama na jirani walikuwa wameketi nje kwenye viti vya plastiki, wanabishana kama nyama ya beberu inafaa kulowekwa au la. Mama aliniona akaniita nikae. Jirani akanisogezea kiti na kuniuliza mimi na mama tulifahamianaje.

Mama akanitazama kwa haraka.

"Ananifundisha Kiswahili," akasema, na kwa kuwa alisema kwa Kinyarwanda, hakukuwa na haja ya mimi kutafsiri.