Miraa ya Saa Nane Mchana

Siku pikapu ya Mutwiri ilipoanguka darajani naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nilikuwa kijana, nimefungua studio ndogo pale Maua, mji wa miraa, napiga picha za arusi na za vitambulisho. Mutwiri alikuwa jirani yangu, dereva wa miraa. Alfajiri alikuwa ameupeleka mzigo Nairobi, na mchana ule alikuwa anarudi na magunia ya viazi. Mbao za daraja zilikuwa zimeoza, nasi tulikuwa tumelalamika mpaka midomo ikakauka. Zikavunjika, gari likatumbukia mtoni, akafa.

Nilipofika na kamera yangu, maiti ilikuwa imeshachukuliwa. Nikamkuta mpiga picha wa gazeti, bwana mmoja mwenye koti zuri, anasukuma viazi kando kwa mguu. Kisha akaomba mabunda ya miraa kwa muuzaji wa pale barabarani, akayapanga karibu na gurudumu, majani ya mgomba yaliyoyafunga yakilala vizuri juu ya matope.

"Bwana, huyu hakuwa na miraa," nikamwambia.

"Viazi haziuzi gazeti," akanijibu bila kugeuka. "Nikipiga viazi, nani atajua hapa ni Maua?"

Miraa saa nane mchana! Hata mtoto wa Maua anajua mzigo huondoka kabla jua halijachomoza. Lakini msomaji wa mbali angejuaje? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda. Uongo wa picha ile ulifika Nairobi kabla mimi sijasafisha filamu yangu. Gazeti likaandika kwamba mbio za madereva wa miraa zimeua tena. Daraja halikuonekana wala kutajwa. Na picha yenyewe ilikuwa nzuri kweli, siwezi kukuficha, ndiyo maana watu wakaiamini.

Mama yake Mutwiri akaja studio na gazeti mkononi. Nikamwonyesha kwa majivuno picha niliyoipiga mimi siku ile darajani, maana mimi sikugusa kitu. Akaigeuza huku na huku.

"Ya huyu ni mzuri, na ni uongo," akasema. "Yako ni ya ukweli, lakini mimi naona giza tu. Daraja iko wapi? Sasa, kijana wangu, Mutwiri atasemewa na nani?"

Ukweli nilikuwa nao mkononi, nami niliupiga ovyoovyo kana kwamba kuwa wa kweli kunatosha.

Asubuhi yake tukaenda darajani wote wawili. Nikangoja jua liingie kwa ubavu chini ya mbao, nikalala kifudifudi kwenye matope mpaka kila ufa na kila msumari wenye kutu ukaonekana. Sikusogeza hata jani. Mama akaipeleka picha hiyo kwenye baraza ya chifu, akaiinua juu akasema, "Hii ndiyo iliua mtoto wangu, si mbio." Wakubwa wakainamisha vichwa. Daraja likajengwa. Nililipelekea gazeti pia, wakasema habari imeshapoa. Imepoa! Kwa mama yule haikupoa mpaka anaingia kaburini, na mpaka leo wako watu wanaoamini mwanawe alijiua kwa mbio. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mutwiri angekuwa ni ndugu yake yule bwana wa gazeti, angempangia miraa?

Sasa nyinyi kila mmoja ana kamera ndani ya simu, na ajali ikitokea mnakimbilia picha kabla ya majeruhi. Sikiliza, mwanangu. Mwokoe kwanza aliye hai. Kisha ngoja mwanga, hama unaposimama, piga magoti, lala chini ukitaka, hiyo ndiyo sanaa yako. Lakini vitu vya marehemu si vyako, usivipange. Wala usijivunie ukweli ukatoa picha mbovu, maana aliyekufa hana wa kumsemea ila wewe. Na kabla hujaipeleka popote, mpelekee mama wa marehemu. Ukiona huwezi kumtazama usoni, ichane.

Mungu akupe jicho kali na mkono mtulivu. Na akujalie kwamba popote utakapopiga picha ya msiba, wafiwa wakikuona tena njiani wakuite ndani, wakuwekee chai.