Alama za Mlangoni kwenye Reno ya Mwalimu

Najua utasema nimetia chumvi. Lakini mimi ni mtu wa kurudia kazi mara tatu hadi inyooke, na hata kisa hiki nimekipunguza kuliko kukiongeza. Kilichobaki kilinipata asubuhi, barabarani juu ya Kianjokoma, nikiwa na akili zangu zote.

Natengeneza magari madogo ya zamani. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwenye simu, na kwa kuharibu. Cucu mmoja, bibi mzee mjane wa mwalimu, aliniletea Reno Four ya marehemu mumewe. Unayakumbuka magari hayo? Gia imechomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli, unaivuta na kuisukuma. Kwenye kona gari linalala ubavu mpaka unadhani linapinduka, kisha linainuka.

"Injini tu, kijana," Cucu aliniambia. "Mengine yaache yalivyo."

Sikuyaacha. Upande wa ndani wa mlango wa abiria kulikuwa na mikwaruzo midogo ya msumari, imepangwa safu. Iliniudhi. Nikaihesabu kwa kidole, kwa sauti, kama ninavyohesabu kila kitu. Kisha nikaipiga msasa, nikapuliza rangi mara tatu. Mlango uling'aa nami nikajisifu, nakiri.

Siku ya kuirudisha Reno kwa Cucu, saa nne asubuhi, ukungu ulikuwa umeshukia mashamba ya chai. Mzee mwenye koti la kijivu akanisimamisha kwa fimbo. Kwetu humpiti mzee barabarani ukiwa na kiti kitupu. Kitasa cha ule mlango kinanisumbua hata mimi. Yeye aliufungua kwa kidole kimoja.

"Vuta polepole, hilo si jembe," akasema nilipobadilisha gia.

Nikacheka. "Kwani Guka ulikuwa na moja?"

Alikuwa akipapasa mlango juu na chini, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Watoto wangu wako wapi?"

"Watoto gani, Guka?"

"Waliozaliwa humu, nikikimbiza mama zao hospitalini. Kila mmoja nilimwekea alama, kwa sababu kwetu watu hawahesabiwi kwa sauti, ni mwiko." Akanigeukia. "Wewe umewahesabu, kisha umewafuta."

Nikasikia ukucha ukikwaruza chuma, mara moja, bila haraka.

"Huyu nimemrudisha. Wengine utawarudisha wewe."

Nilipofunga breki kiti kilikuwa kitupu. Niamini, ule mlango haukufunguka.

Cucu alipouona mkwaruzo ule mmoja, chini kabisa, aliufunika kwa kiganja.

"Mwalimu amekupata njiani," akasema. "Si nilikwambia injini tu?" Akaondoa kiganja. "Na mama yako hakukwambia? Wewe ndiwe wa mwisho kuzaliwa humu. Hapa ndipo alama yako ilipokuwa."

Jioni nilimuuliza mama. Alikuwa akichambua maharagwe. Akasema, "Ndiyo, pale darajani. Nilidhani unajua," akaendelea kuchambua.

Gari Cucu alikataa kulipokea hadi nimalize kuwarudisha wote. Kwa hiyo nazunguka nalo nikiwatafuta kwa kuulizauliza wenzangu waliozaliwa humo, na kila ninayempata nampa msumari akwaruze mwenyewe. Wengine hunicheka. Mama mmoja wa Kiambere, mwenye wajukuu tayari, alikwaruza huku akilia, hata sijui kwa nini. Wiki jana nilifika boma moja Kiirua nikakuta hema la matanga. Niliyemfuata ndiye aliyekuwa akiombolezwa. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa nilimfuta. Mimi ninajua. Na nikiendesha peke yangu, bado nasikia kiganja cha Guka kikipapasa ule mlango.

Usiniulize wamebaki wangapi. Idadi ninayo kichwani, ndiyo inayoninyima usingizi, na sitaitamka tena.

Ukipewa kitu cha wazee ukitengeneze, kabla hujashika msasa uliza kila mkwaruzo ni wa nani. Na kama mama yako aliwahi kukwambia ulizaliwa njiani, ndani ya gari dogo la mwalimu, tafadhali usingoje nikufikie. Nitafute wewe. Mimi nimeshachelewa mara moja.