Toba ya Pombe Asiyoinywa

Nasema wazi: mimi Elieshi ndiye niliyemshtaki mume wangu kwa mchungaji. Sikusukumwa na mtu.

Zephaniah alikuwa mlokole, tena mzee wa kanisa katika ibada yetu ya Kiswahili hapa Ilford, ughaibuni. Tangu tukiwa Moshi hakuwahi kuonja pombe. Lakini mwaka themanini na saba alianza kurudi kazini akiyumba, ulimi mzito, akicheka peke yake. Nikimuuliza, "Baba Neema, umekunywa?" ananikodolea macho. "Hata mimi sielewi, mama Neema. Kichwa kinazunguka tu." Jumapili, siku ya mapumziko, alikuwa afadhali. Sasa si anakunywa huko huko kazini? Nilipandwa na hasira, nikaenda kwa mchungaji.

Wazee wakamtenga: uzee avuliwe, meza ya Bwana asiiguse mpaka atubu mbele ya watu. Nilijua atakataa. Wapi! Alisimama, akasema, "Nimekunywa. Nisameheni." Watu wakaimba. Nyumbani nikamuuliza alikunywa wapi. Akasema hajui, ila mimi mkewe si mwongo, kwa hiyo labda alikunywa akasahau. Jamani!

Jumatatu akarudi anayumba vilevile. Jumamosi nikafuatana naye kazini kuitafuta hiyo chupa. Lilikuwa duka la kusafisha nguo kwa dawa, mali ya mzee Chandrakant, Mhindi wa Tanga mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu.

"Funga mlango, mama, baridi itatuua!" alinipokea. Madirisha yote alikuwa ameyaziba kwa magazeti na gundi. Watu wa pwani na baridi, unawajua. Zephaniah alikuwa akitoa nguo kwenye mashine na kuzinusa moja moja kuona kama dawa imekauka, ndivyo alivyofundishwa. Nilipekua kila kona, chupa hakuna. Kufika saa nane midomo yangu imekufa ganzi. Nikacheka, sijui nacheka nini. Nilipotaka kusimama, miguu ikakataa.

Tukakimbizwa hospitali sote wawili, na Zephaniah wakampima wiki nzima. Daktari akasema mvuke wa ile dawa, kwa miaka sita aliyofanya kazi pale, umeumiza mishipa yake ya fahamu. Asirudi pale kabisa. Kuyumba kutapungua. Kuhusu kumbukumbu, hakuahidi kitu.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema yote, wakamrudishia uzee wake. Nyumbani nikapiga magoti. "Nisamehe, baba Neema. Ni mimi niliyekushtaki."

"Ulinishtaki kwa nani?" aliuliza kwa upole. Nikamweleza upya, toka mwanzo, nikilia. Akaniinua, akasema yamekwisha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta sebuleni amevaa suti ya kanisani.

"Nisindikize kwa mchungaji," akaniambia. "Ile pombe niliyokunywa, bado sijaitubu."