Mashimo Saba Kando ya Seng'enge

Watu wengi wa Juba hawajui kwamba mji wao una uwanja wa gofu, na wachache wanaojua huucheka. Mgeni mmoja, mchezaji wa nchi za mbali, aliwahi kuletwa pale na rafiki yake. Alishuka garini, akaweka mikono kiunoni, akauliza uwanja wenyewe uko wapi. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya shimo la pili. Nilimchukia tangu dakika hiyo na sijapata sababu ya kuacha.

Mimi nasema ni uwanja mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa nimekosa mwingine. Upo kwenye ardhi tambarare kati ya mto na seng'enge ya uwanja wa ndege, upande wa jeshi. Una mchanga, una nyasi ngumu zinazochoma miguu, una upepo usiojua kukaa. Nimeviona kwenye simu vile viwanja vya kale vya kando ya bahari, ambavyo watu husafiri siku mbili kuvifikia, na naapa tofauti ni moja tu: wao wana bahari, sisi tuna Nile. Kiangazi upepo unatoka kaskazini, na mpira ukiurusha juu sana unaweza kukurudia karibu na miguu. Mvua zikianza unatoka kusini, na shimo lilelile linakuwa shimo jingine kabisa. Anayeujua uwanja ule hupiga chini chini, mpira ukimbie ardhini kama panya.

Mashimo ni saba, kwa sababu la nane lingeangukia kwa wanajeshi. Tunayazunguka mara mbili, kisha tunayacheza manne ya kwanza tena, na hesabu ya kumi na nane inatimia. Kila shimo ni kopo la maziwa ya unga lililofukiwa. Nyasi laini za kuzunguka shimo hatuna, kwa hiyo tunatandaza mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, ili upepo usiuchukue. Mafuta hayo naleta mimi, kwa kuwa ni fundi wa jenereta na karakana yangu iko Buluk. Ukishatia mpira wako shimoni, unachukua ubao wenye mpini na kuusawazisha mchanga, anayekuja nyuma asizikute nyayo zako. Asiyesawazisha hatumkaripii. Tunamwacha acheze peke yake wiki moja, anaelewa.

Gofu niliijulia Uganda, nilipokuwa mkimbizi. Nilikata nyasi za uwanja mmoja kando ya ziwa kwa miaka mingi, nikawatazama wakubwa wakipiga na kutukana, na jua likishuka nilijificha nyuma ya miti na fimbo iliyovunjika mpini, nikapiga mimi pia. Nilirudi nyumbani Juba na fimbo nne, na jeuri ya mtu aliyejifunza mwenyewe.

Kati ya watu sita au saba tunaocheza pale, anayeniweza ni mmoja, mama wa Kiganda anayeuza ndizi za matoke sokoni Konyo Konyo. Baba yake alikuwa mbeba fimbo huko kwao, naye akaokota mchezo kama nilivyouokota mimi, kwa mlango wa uani. Nimemzidi umri lakini namwita mama, kwa heshima. Yeye ananiita fundi, na nikikosea ananiita ssebo, yaani bwana, kwa upole ule wa Kiganda unaouma kuliko tusi. Hapigi mbali. Hapotezi mpira pia, na katika uwanja ule hiyo ndiyo akili.

Mipira kwetu ni adimu. Kila mtu ana miwili au mitatu, na kila mmoja ameitia alama yake. Yangu ina mstari wa wino. Yake ina msalaba wa rangi ya kucha, ya waridi, unaoonekana hata majanini. Mtu akiishiwa, mwenzake humwazima, na desturi ni kwamba alama haifutwi. Ukiazima unacheza na alama ya mwenyewe na unaurudisha mpira mkononi mwake mkimaliza.

Desturi nyingine ni kubwa zaidi, na hiyo hatukuitunga sisi. Tulipewa na afisa wa ulinzi wa upande ule wa jeshi, siku aliyoturuhusu kwa mdomo tu kucheza kwenye ardhi ile. Ndege ikija, fimbo chini. Zote, hapohapo ulipo, na wewe unasimama mikono ikiwa mitupu mpaka ndege itue au ipotee. Sababu haihitaji maelezo: kwa mtu aliye mnarani, fimbo ya gofu begani na bunduki begani havipishani sana. Tulikuwa tukiitii sheria ile kama watoto wa shule. Hata pasta anayecheza nasi aliwahi kuikatiza sala yake ili aweke fimbo chini.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Tulikuwa wawili, mimi na mama wa matoke. Nilikuwa nacheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nasema hivyo bila haya. Kila nilichokigusa kilikwenda. Kwenye shimo la kumi na saba mpira wangu wa mwisho uliingia kwenye matete ya mtoni, nikataka kulia. Mama akatoa wake mfukoni.

"Mimi iko na mbili," alisema. "Hii chukua. Lakini rudisha, ssebo, hii mpira yangu ya bahati."

Tukafika shimo la kumi na nane, ambalo ni lile la nne tukilirudia, linalokwenda sambamba na seng'enge. Nilihitaji kulimaliza kwa mapigo manne tu nivunje rekodi yangu. Nikatandika kipande changu cha zulia, maana ardhi ile ni ngumu kama sakafu na bila zulia fimbo inapasuka, nikaweka mpira juu yake, nikajipanga. Ndipo tukaisikia ndege ya mizigo inakuja kutoka ng'ambo ya mto.

Mama aliweka fimbo zake chini palepale. "Fundi," alisema. "Chini."

Niliitazama ile ndege. Ilikuwa mbali bado. Nikajiambia, nikisimama dakika tano mkono utapoa na siku nzima itaharibika. Nina hasira za karibu, mke wangu ni shahidi, na pale nilimkasirikia rubani nisiyemjua kana kwamba alikuwa ameisubiri zamu yangu. Nikapiga. Niliukunja mwili kwa pupa, mpira ukapanda badala ya kutambaa, upepo ukaudaka na kuuvusha seng'enge. Tuliuona ukidunda mara mbili kwenye lami, mweupe, halafu ndege ikashuka na kupita mbele yake.

Ilitua salama. Niliitupa fimbo chini, kuchelewa kulikoje. Askari mmoja wa ndani alikimbilia kwenye lami, akainama, akaokota kitu, akakigeuzageuza. Hakutufuata. Mama aliokota fimbo zake, akapita kwenye shimo ambalo hatukulimaliza, akasawazisha mchanga wake, tukaondoka.

Kesho yake jioni dereva mmoja, mchezaji mwenzetu, alinipigia simu. Njia ya kuingilia uwanjani ilikuwa imewekwa gogo na askari, na ujumbe ulikuwa mfupi: mchezo umekwisha, na afisa anamtaka mwenye mpira wenye msalaba wa waridi.

Msalaba wa waridi, si mstari wa wino. Nilikaa chini kwenye ndoo ya grisi. Mama yule ni mgeni nchini, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kinakaribia kwisha; alikuwa amenieleza mwenyewe wiki ile jinsi anavyosumbuka kukifuatilia. Mgeni, mwanamke, mpira wake kwenye njia ya ndege za jeshi. Mtu angeweza kumtia maneno mdomoni na kesho yake awe mpakani na watoto wake, matoke yakioza kibandani. Wa kulizuia hilo nilikuwa mimi peke yangu, kwa kusema sentensi moja.

Sikuisema. Siku ya kwanza nilijiambia hakuna anayejua msalaba ni wa nani. Siku ya pili nilijiambia nina jenereta ya kliniki mezani, wagonjwa kwanza, na ni kweli ilikuwepo, ila ningeweza kuiacha saa mbili. Nilipotoka kazini nilimwambia wa boda boda azunguke, tusipite Konyo Konyo, nikafika kwangu Lemon Gaba kwa njia ndefu ya vumbi. Sisemi nilikuwa nafikiri. Nilikuwa naogopa. Nilimwogopa yule afisa, niliogopa kuitwa mpelelezi katika nchi niliyoingoja miaka ishirini, na zaidi ya yote niliona aibu kwamba mimi, ninayewafundisha wengine sheria, ndiye niliyeivunja. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi niliuficha uchi wangu siku mbili nzima.

Siku ya tatu asubuhi mke wangu alinitazama nikichokonoa uji, akasema, "Kama ni ugonjwa nenda hospitali. Kama ni jambo, nenda kwenye jambo." Nikavaa shati safi, nikaenda.

Ofisi ya afisa ni kontena lenye feni. Nje yake kuna benchi ya mbao chini ya bati. Nilimkuta amekaa mezani, na mpira ule ulikuwa juu ya karatasi zake kuzizuia zisipeperuke. Alikulia kambi ya wakimbizi huko Kenya, Kiswahili chake kina haraka.

"Ya fundi," alisema, akianza kwa Kiarabu cha Juba. "Jenereta yetu haijaharibika. Unataka nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya mpira huo. Ni mimi niliyeupiga."

Alifungua droo, akatoa kadi ndogo ya ukaazi yenye picha, akaiweka kando ya mpira. Niliijua sura ile hata kabla sijaikaribia.

"Huyu mama alikuja juzi saa mbili asubuhi," alisema. "Nikamwuliza, hii mpira ni ya nani? Akasema yake. Nikachukua kadi, nikamwambia akae kwa benchi mpaka niamue. Akakaa mpaka jioni. Jana pia amekaa. Leo nimemwambia aje saa sita, aende kwanza auze vitu vyake. Sasa wewe unakuja na stori ingine. Nani ananidanganya?"

Nilihisi masikio yanawaka. Juzi saa mbili mimi nilikuwa nakunywa chai.

"Hakuna anayekudanganya, mkubwa," nilisema. "Mpira ni wake. Mkono ni wangu. Niliuazima, na ndege niliiona. Yeye aliweka fimbo chini na akaniambia niweke. Sikuweka."

"Uliiona?"

"Niliiona."

Nadhani alikuwa amejiandaa kusikia kwamba sikuiona. Huo ndio uongo ambao mtu yeyote angeuleta, na ndio niliokuwa nimeuandaa mimi pia usiku kucha. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kwa nini yule mama hakunitaja. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.

"Kalas," alisema mwishowe, yaani basi. Uamuzi wake ulikuwa huu. Shimo la nne ligeuzwe, tulipige kuelekea mtoni, tuupe uwanja wa ndege mgongo. Wengine wacheze. Mimi nisishike fimbo mpaka mvua ziishe, na kila Jumamosi kabla ya ndege ya kwanza nitembee seng'enge nzima kwa nje nikiokota mawe na mifuko ya plastiki, kwa sababu injini ya ndege haili plastiki. Nilikubali kabla hajamaliza. Aliubakiza mpira. Kadi akanipa.

Niliishika mkononi njia nzima juu ya boda boda, nikiogopa hata mfuko wa shati. Konyo Konyo ilikuwa imefurika. Mama alikuwa anampimia mteja, akaniona, akaendelea kupima mpaka mteja akaridhika na kuondoka. Ndipo akafuta mikono kwenye kanga yake, akaipokea kadi, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka kifuani.

"Nisamehe," nilimwambia. "Nilichelewa."

"Mm. Umechelewa."

"Kwa nini hukuwaambia ni mimi?"

Alipanga upya mkungu ambao haukuhitaji kupangwa. "Mimi naambia askari jina ya mtu? Hapana. Kwetu tulikuwa na askari pia. Hiyo ni kazi yako, wewe ndiyo unajiambia."

"Na kama nisingekuja?"

"Ningekaa," alisema. "Benchi iko na kivuli."

Nilisimama pale katikati ya wabeba mizigo, mzee mzima, nikipangusa macho kwa mkono wenye madoa ya grisi yasiyotoka, na yeye akajifanya anahesabu vidole vya ndizi. Nilimweleza habari za shimo la nne, na za uwanja kufunguliwa. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akauliza kama Jumamosi ningekuja.

"Sina ruhusa ya kushika fimbo mpaka mvua ziishe," nilimwambia.

"Mimi sijauliza fimbo, ssebo. Mimi nauliza wewe."

Jumamosi nilifika kabla yake.