Kifua cha Bi Mwanamkasi

Bi Mwanamkasi aliwadharau watu wa aina mbili: wanaokohoa mbele za watu, na wanaouliza mtu anakohoa nini. Mwaka huu yeye mwenyewe aliingia kundi la kwanza, basi chuki yote akalimwagia la pili.

Alikuwa mjane wa Kizanzibari, anakaa ghorofa ya tatu huko ughaibuni, mtaa wa Sparkbrook, katika nyumba za shirika linalowapangishia wenye kipato kidogo. Mapafu yalikuwa yamechoka. Hospitali ilimpa mashine ya oksijeni, ikawa inanguruma kando ya kitanda kutwa kucha, ikila umeme. Mgeni akibisha, alichomoa mirija puani, akaitupia mashine khanga, akafungua mlango huku anatabasamu. Mtungi wa oksijeni wa akiba, usiotaka umeme, aliukataa katakata. Dude lile la chuma angelificha wapi?

Binti yake alikuwa ameposwa. Na kwao, ukisema mama wa bibi harusi ana kifua, hakuna anayengoja kuuliza kifua gani. Ni TB tu, na wenye posa wanaaga chai haijapoa.

Marlène, nesi wa Kikongo aliyekuja kumtazama nyumbani, hakuchoka kumsihi. "Mama, unikubalie niambie wale wenye nyumba. Juu ya umeme, unaelewa? Wakikata, ni hatari."

"Wenye nyumba ndio nani? Ofisini kwao kuna Maisara, mtoto wa hapa hapa kwetu. Nimwambie Maisara, Jumamosi nisomwe kwenye maulidi?"

"Ya kazini hawezi kusema, mama. Ni sheria."

"Sheria!" Bi Mwanamkasi alicheka hadi akakohoa. "Sheria imekaa lini jikoni siku ya harusi, ikamenya vitunguu?"

Bila idhini yake, Marlène hakuwa na la kufanya.

Shirika likaamua kubadilisha nyaya za jengo zima. Tangazo lilibandikwa chini, penye ngazi ambazo Bi Mwanamkasi hakuziweza tena. Asubuhi yenyewe Maisara akabisha, hijabu imepigwa pasi, kadi ya kazi shingoni, fundi nyuma yake.

"Shikamoo, anti. Umeme tunauzima sasa hivi, mpaka alasiri."

"Msizime."

"Kuna sababu? Nahitaji sababu, anti."

Bi Mwanamkasi alishika mwimo wa mlango. Kifua kilikuwa kimeanza kubana, midomo inageuka rangi. Maisara akamtazama puani, pale mirija ilipoacha alama, kisha akainamia viatu vyake.

"Kumbe unajua," akasema Bi Mwanamkasi.

"Kila mtu anajua, anti. Tangu Ramadhani. Hata wenye posa wanajua. Wanasema, masikini, anajificha."

"Unajua, na umeleta fundi?"

"Ofisini sijui. Hujatoa idhini. Siwezi kufanyia kazi maneno ya harusini."

Loo! Mdomo uliotembea barabara nzima ya Ladypool Road bila kibali, leo umefika penye pumzi ya mtu ndipo umekumbuka adabu! Bi Mwanamkasi alimtazama binti yule kama mtu anavyotazama sahani iliyooshwa vibaya. Kisha dharau ikamgeukia mwenyewe, mlinzi wa mlango ambao kuta zake zilikwisha anguka zamani.

"Basi natoa," akasema. "Mapafu. Si TB. Mashine inataka umeme."

"Inabidi nesi athibitishe—"

"Mpigie. Papo hapo mlangoni, na kwa sauti."

Maisara akapiga, simu akaiweka spika, sauti ya Marlène ikajaa ngazini ikithibitisha. Fundi aliambiwa nyumba hii isiguswe mpaka mtungi wa akiba uletwe, akashuka na waya zake. Bi Mwanamkasi akarudi kitandani, akaiondolea mashine khanga, akatia mirija puani. Mlango aliuacha wazi. Jirani wa mkabala alikuwa ameshatoa kichwa, na wa chini anapanda.

"Ingieni," akawaambia, pumzi ikimrudia kidogo kidogo. "Ingieni mtazame vizuri. Msije mkahadithia nusu."