Gari Lililobaki na Uso

Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa mifugo. Akitaka kujua kama dume lina nguvu, hulipiga kofi mgongoni na kusikiliza. Magari nayo huyachagua vivyo hivyo. Nimemwona hapa Isiolo akipita nje ya benki akiyapiga makofi maboneti ya watu, wenyewe wakiwa wamekaa ndani. Utotoni hakuna aliyempiga yeye kofi la kutosha, na kwa hilo nawalaumu wazazi wake.

Mke wake, ambaye ni dada yangu mdogo, ni muuguzi katika kituo cha afya cha Kulamawe. Aliamua kununua gari la kumpeleka kazini, tena jipya kweli, si lile jipya letu linaloshuka bandarini likiwa limeshachoshwa na nchi nyingine. Alibaki na mawili ya kuchagua, akanijia mimi kwa sababu ndiye msomi wa ukoo, sifa ambayo kwetu hupewa mtu mwenye maneno mengi.

Nikatafuta matokeo ya majaribio. Kuna watu ambao kazi yao ni kugongesha magari mapya kwa makusudi. Ndani hufunga midoli yenye uzito wa binadamu, kisha hupima kichwa, kifua na miguu ya midoli hiyo vimeumia kiasi gani, na hapo ndipo nyota hutolewa. Nilihakikisha magari yetu yana uzito unaokaribiana na yalipimwa kwa kanuni zilezile, maana bila hivyo nyota hazilinganishwi. Jeupe lilipata nyota tano. Jeusi, refu, la kutisha, lilipata moja. Nilidhani kazi imeisha.

Niliwaonyesha video sebuleni kwao. Jeupe liligonga, boneti likajikunja hadi karibu na kioo, mdoli ukazama kwenye mfuko wa hewa ukarudi kitini mzima. Jeusi liligonga, boneti likapinda kidogo tu, lakini usukani ukaja ukaupiga mdoli kifuani na magoti yakapotelea chini ya dashibodi.

Shemeji alijipiga paja kwa furaha. "Umeona? Hiyo nyeupe imekuwa chapati! Hii nyeusi bado iko na uso."

"Angalia mdoli, shemeji."

"Mdoli ni ya nini? Mimi nanunua gari."

"Huyo mdoli ni bibi yako."

Akamtazama dada, akacheka. "Huyu? Huyu ni ngumu kuliko hata hiyo nyeusi, wallahi."

Dada naye akacheka, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Nikaeleza kwamba boneti hujikunja kwa makusudi, limeze kishindo kisimfikie aliye ndani. Nilieleza vizuri, hata nikachora. Shemeji aliniuliza, kwa upole wa mtu anayesema na mgonjwa, hiyo nyeupe ikishagonga itauziwa nani. Nilipomfuata dada jikoni aliniambia niachane na hayo, hataki vita kwa nyumba kwa sababu ya nyota. Wakanunua jeusi.

Dada alipata ajali jioni moja akitoka kazini. Ngamia walikatiza barabara, akawakwepa, akagonga ukuta wa kalvati. Nilifika wakiwa bado wanajaribu kumtoa. Kwa nje ilikuwa imevunjika taa moja tu, na bampa imepinda. Kwa ndani dashibodi ilikuwa imemkalia mapajani, vijana wa boda wakiivuta kwa mtaimbo, naye akimwita mama yetu aliyekufa zamani. Shemeji alipofika alianzia mbele ya gari. "Si nilisema?" akawaambia wale vijana. "Angalia chuma hiyo." Nilimchukia pale pale, na mpaka leo sijaacha.

Miguu yote miwili ilivunjika. Daktari alisema atatembea, pengine kwa magongo, lakini kusimama wodini zamu nzima asahau. Dada hakulia. Aliuliza tu ni nani sasa atakayezalisha wanawake wa Kulamawe, na daktari akaanza kupangapanga karatasi zake.

Dada akiwa bado na plasta, gari lilikwenda kwa fundi. Sakafu ikanyooshwa, dashibodi ikabadilishwa, taa ikawekwa. Mnunuzi alikuja, mzee mpole kutoka Biliqo. Kitanda cha dada tulikuwa tumekisogeza dirishani apate hewa, na gari lilikuwa limeegeshwa hapo chini ya dirisha, kwa hiyo tulisikia kila neno.

"Imewahi kugonga?" mzee aliuliza.

"Hii? Hata siku moja. Ni ya bibi yangu, anaendesha pole pole."

"Sasa mbona mnauza?"

"Ako mgonjwa. Alianguka kwa bafu."

Mzee alisikitika. Akasema haiwezekani afike boma lenye mgonjwa aondoke bila kumjulia hali, na kabla shemeji hajapata la kumzuia alikuwa ameshavua viatu. Akasimama mlangoni pa chumba, kofia mkononi.

"Salaam aleikum, mama. Pole sana. Nasikia ulianguka kwa bafu."

"Aleikum salaam, mzee," dada alijibu. "Ni kweli. Ngamia walipita kwa bafu, nikawakwepa."

Mzee akatazama plasta, akatazama dirisha. Nyuma yake shemeji alikuwa amesimama, mkono umeshika fremu ya mlango.

"Lakini wewe nunua tu," dada akamwambia. "Bafu haikuumia. Ni mimi tu nilivunjika."